Kifaranga dhaifu au mwenye mguu mbovu: jua umri wake kwanza

Kifaranga akilala ubavu, watu humwagia kila kilichoko kabatini: vitamini, antibiotiki, maziwa. Mara nyingi alichokosa ni joto tu. Na kama tatizo ni mguu uliotoka mahali pake, hakuna dawa ya kumeza itakayourudisha.

Kabla hujamtia chochote mdomoni, jua ana siku ngapi. Umri ni nusu ya jibu. Kifaranga wa siku moja hadi tatu shida yake hutoka ndani ya yai, kwenye mashine ya kutotolesha au sakafuni: miguu iliyopiga msamba, vidole vilivyopinda, kitovu kisichofunga, baridi, kiu. Wa wiki ya pili hadi ya nne, angalia chakula chake, kwa kuwa hapo ndipo upungufu wa vitamini na madini hujitokeza miguuni. Kuanzia wiki ya tatu hivi koksidiosisi (ugonjwa wa vijidudu vya utumbo) huingia, na kifaranga anayeonekana kilema huenda ni mgonjwa wa tumbo asiye na nguvu za kusimama. Ugonjwa wa Marek, ule wa mguu mmoja kunyooka mbele na mwingine nyuma, huja baadaye, kwa kawaida baada ya wiki ya sita. Ukiuona mkao huo kwa kifaranga wa siku nne, huyo si Marek.

Swali la pili: wako wangapi? Mmoja akichechemea, mshike umkague. Wakianza watatu au wanne ndani ya wiki moja, acha kukagua miguu, kakague mfuko wa chakula na chanjo.

Joto, maji, chakula, kwa mpangilio huo

Kifaranga hana uwezo wa kujipasha mwili wake vizuri katika siku za mwanzo. Akipoa, tumbo husimama kufanya kazi, na chakula unachomlazimisha kula hukaa humo na kuchacha. Ndiyo maana joto hutangulia chakula, hata kama amekonda vipi. Gusa miguu yake kwa shavu lako au upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako. Ikiwa ya baridi, hapo ndipo pa kuanzia.

Mtenge kwenye boksi dogo. Wiki ya kwanza joto liwe nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, likipimwa usawa wa mgongo wa kifaranga na si juu karibu na taa. Kwa kifaranga mmoja kwenye boksi la kadibodi, balbu ya kawaida ya wati 40 hadi 60 inayotoa joto hutosha. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii, zinatoa mwanga bila joto la maana. Taa kubwa ya wati 250 ni ya bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga wengi kwa joto. Ndani ya boksi dogo itamkausha au itachoma boksi lenyewe. Weka balbu upande mmoja ili upande wa pili ubaki na ubaridi kiasi. Kifaranga anayeweza kutembea atajichagulia. Asiyeweza kutembea anakutegemea wewe, kwa hiyo mtazame kila baada ya muda: akihema mdomo wazi na kuachia mabawa, joto limezidi, akijikunyata na kulia kwa sauti kali, limepungua. Kila wiki punguza nyuzi 3 hivi.

Umeme ukikosekana, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa kinene inafaa, ila ibadilishwe kabla haijapoa. Chupa iliyopoa humnyonya joto badala ya kumpa. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa usilithubutu, hewa yake inaua vifaranga, na wewe pia.

Akishapata joto, ndipo maji. Yawe ya uvuguvugu. Kwa aliyelegea sana, changanya vijiko vitatu vya chakula vya sukari katika lita moja ya maji safi, umpe kwa saa 12 hadi 24, halafu rudi kwenye maji ya kawaida. Ukiendelea siku nyingi atahara, na maji ya sukari yanachacha upesi. Usiongeze chumvi kwa kukisia. Vifaranga huumizwa na chumvi kwa kiasi kidogo mno.

Namna ya kumpa ndiyo inayoua wengi. Tundu la hewa la kuku liko pale pale nyuma ya ulimi, na maji yakisukumwa mdomoni kwa bomba huingia mapafuni. Kwa hiyo usimpanue mdomo. Mshike akiwa wima, dondosha tone moja pembeni mwa mdomo, pale mdomo wa juu unapokutana na wa chini, kisha ngoja. Atameza mwenyewe. Tone lingine. Matone matano hadi kumi kila nusu saa yanatosha mwanzoni. Asiyemeza kabisa bado ni wa baridi, mrudishe kwenye joto.

Chakula hakina haraka kwa kifaranga aliyetoka kuanguliwa. Kabla ya kutoka kwenye yai huvuta kiini tumboni, nacho humlisha kwa saa 48 na hata 72. Wale wanaohangaika kumlisha kifaranga wa saa sita wanamchosha bure. Baada ya hapo mpe chakula cha vifaranga kilicholainishwa kwa maji ya uvuguvugu hadi kiwe kama uji mzito, au kiini cha yai lililochemshwa, kiasi cha punje ya harage kwa mlo, kwa siku moja au mbili tu. Chakula cha mvua kitupwe baada ya saa mbili. Maziwa usimpe: ndege hawamudu sukari ya maziwa, na kuhara ndilo jambo la mwisho unalolitaka. Chakula cha kuku wanaotaga pia hapana. Kina kalisi ya asilimia 3.5 hadi 4 ilhali kifaranga anahitaji kama asilimia 1, na hiyo ya ziada huharibu figo.

Jioni gusa kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo, upande wa kulia wa kifua. Kiwe kimejaa na laini. Asubuhi kiwe kimeshuka. Kikibaki kimejaa asubuhi, punguza chakula, ongeza joto na maji.

Nunua mizani ya jikoni inayopima gramu. Kifaranga wa kuku wa kawaida huanguliwa akiwa na gramu 35 hadi 45. Siku ya kwanza anaweza kupungua kidogo, ila kuanzia siku ya tatu uzito usiopanda ni habari mbaya hata kama anachangamka. Macho hudanganya: manyoya ya kifaranga huficha kukonda kwake.

Kabla ya mguu, tazama nyuma

Geuza kifaranga uangalie njia ya haja. Kinyesi kilichoganda hapo hufunga tundu, naye hufa amevimba tumbo huku watu wakisema "alikuwa dhaifu tu". Lowesha pamba kwa maji ya uvuguvugu, bana juu ya kinyesi hadi kilainike, dakika mbili au tatu, kisha futa. Usikivute kikiwa kikavu, ngozi itatoka nacho. Kausha vizuri, paka mafuta kidogo ya mgando, kagua tena kila asubuhi na jioni kwa siku tatu. Chanzo mara nyingi ni joto lisilo sawa, kuzidi au kupungua, au safari ndefu.

Angalizo moja: kitovu kiko tumboni, mbele ya njia ya haja. Kigaga kikavu au kiuzi kinachoning'inia hapo si kinyesi. Ukikivuta unaweza kutoa utumbo. Kiache kidondoke chenyewe. Kitovu chekundu, kibichi, chenye harufu mbaya, pamoja na tumbo lililojaa kama puto, ni maambukizi ya kitovu. Wengi wa hao hufa ndani ya wiki ya kwanza, na mzizi wake ni uchafu wa mayai au mashine. Mtenge na wenzake.

Miguu iliyopiga msamba

Hii ndiyo nyepesi kutibika kuliko zote, na ndiyo inayopotezewa muda zaidi. Miguu inateleza kwenda pembeni kuanzia nyongani, mmoja kulia, mwingine kushoto, kifaranga kifudifudi akipiga makasia. Viungo havijavimba. Sababu kubwa ni sakafu laini: gazeti, plastiki, trei tupu ya mashine. Joto au unyevu usiofaa wakati wa kuatamia nao huchangia. Mifupa na misuli ya siku za kwanza bado ni laini, hivyo ukifunga miguu siku ya kwanza au ya pili, wengi husimama baada ya siku moja au mbili. Ukingoja wiki nzima, mifupa imeshazoea upinde na nafasi inapungua mno.

Kata utepe wa bendeji inayojishika yenyewe, upana wa nusu sentimita hadi sentimita moja, urefu wa sentimita 10 hivi. Plasta ya kawaida inafaa pia. Uchague ya rangi ya ngozi au nyeupe. Nyekundu huwaita wenzake waidonoe. Zungushia mguu mmoja, sehemu nyembamba iliyo kati ya vidole na kiungo cha katikati (kile wengi wanachokiita goti). Vuta utepe hadi mguu wa pili uzungushie vilevile, halafu ncha zishikane katikati. Kati ya mguu na mguu pabaki kama sentimita 2 hadi 2.5, yaani nafasi ile ile anayosimama nayo kifaranga mzima wa umri wake. Mweke mzima pembeni umtazame ndipo ukisie. Ukitumia plasta, kunja sehemu ya katikati ili upande wa gundi usibaki wazi, maana itaokota maranda na kuwa gogo.

Makosa ni mawili. La kwanza, kukaza. Njiti ya kiberiti ipite kati ya utepe na mguu. Vidole vikivimba au kubadilika rangi, fungua papo hapo. La pili, kuileta miguu karibu sana kwa mara moja, hasa iliyopanuka kabisa. Hiyo ianze kwa nafasi pana, uipunguze kesho yake.

Sakafu bila kubadilishwa, kufunga ni kazi bure. Tandika kitambaa kisicho na nyuzi za kunasa kucha, karatasi ngumu ya kufutia jikoni au mpira wenye mikwaruzo. Saa za mwanzo ataanguka kifudifudi na chali. Mwinue, msimamishe, muweke karibu na maji. Chombo kiwe na kina cha sentimita moja tu au kijazwe kokoto, kwani kifaranga aliyefungwa miguu huzama kwenye maji ya kidogo tu. Kagua mara mbili kwa siku na ufunge upya kila baada ya siku moja au mbili, kwa kuwa mguu unakua upesi. Siku ya tatu fungua umjaribu. Wengi hawahitaji zaidi ya siku tano.

Asiyeweza kukaa wima kabisa asiachwe amelala ubavu mchana kutwa. Viringisha kitambaa kiwe duara lenye shimo katikati, umkalishe humo kifua kikiwa chini. Au tengeneza bembea: kipande cha kitambaa chenye matundu mawili ya miguu na moja la haja, kimefungwa juu ya kikombe kipana, vidole vikigusa chini. Dakika 15 hadi 20, mara nne au tano kwa siku, zinampa misuli kazi. Zaidi ya hapo anachoka.

Vidole

Kuna vilema viwili vya vidole, na watu huvichanganya. Kidole kilichopinda tangu kuanguliwa, mguu wenyewe ukiwa na nguvu, hutibiwa kwa kiatu. Kata kadibodi ngumu kubwa kidogo kuliko unyayo, tandaza vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, bandika plasta juu na chini ili vilale sawasawa. Siku mbili au tatu. Kiatu kikilowa kibadilishe siku hiyo hiyo.

Vidole vinavyojikunja ndani kama ngumi, miguu yote miwili, kifaranga akitembelea viungo vya katikati kwa msaada wa mabawa, kwa kawaida kuanzia wiki ya pili: huo ni upungufu wa vitamini B2. Kiatu hakifai hapa. Chakula cha vifaranga kinatakiwa kuwa na miligramu 3.6 hivi za B2 kwa kilo, na mwanga huiharibu, kwa hiyo mfuko uliokaa wazi juani au chakula kilichochanganywa nyumbani bila kirutubisho cha vitamini ndicho mshukiwa wa kwanza. Wape wote vitamini za kuku za kuyeyusha kwenye maji zenye kundi la B, kwa kipimo cha kwenye pakiti, ukibadilisha maji kila siku. Aliyeanza juzi hupona ndani ya siku chache. Aliyekaa hivyo muda mrefu mishipa ya fahamu imeshaharibika na hatarudi, hata ukimwaga chupa nzima.

Kano iliyochomoka

Hapa ndipo ninapomsihi mfugaji asifunge kitu kabla ya kushika. Nyuma ya kiungo cha katikati hupita kano nene ndani ya mfereji. Ikichomoka huhamia pembeni, kiungo huvimba na kuwa bapa, na mguu hujisokota. Ukifunga miguu kama ya msamba unamzidishia maumivu. Linganisha miguu miwili kwa kidole gumba: mzima una kamba inayopita katikati nyuma, mbovu, kamba iko ubavuni na nyuma pamekuwa tambarare.

Ukiwahi siku hiyo hiyo inaweza kurudi. Nyoosha mguu taratibu kuelekea nyuma, maana ukinyooka kano hulegea. Isukume kwa gumba hadi iingie kwenye mfereji wake. Mara nyingi utahisi inavyotumbukia. Fungia bendeji nyepesi mguu ukiwa umenyooka kiasi, kwa siku mbili au tatu, kwani ukikunjwa sana kano hukaza na kutoka tena. Ikitoka mara tatu, mfereji hauna kina au umesagika, hapo hakuna fundi. Chanzo kikuu ni upungufu wa manganizi na kolini kwenye chakula, na kasi ya kukua huchangia kwa kuku wa nyama. Kuongeza manganizi baada ya kano kuchomoka hakuirudishi, huwakinga waliobaki.

Yasiyo ya kufunga

Mifupa laini na mdomo unaopinda kama mpira ukiubonyeza ni matege, upungufu wa vitamini D3 au kutolingana kwa kalisi na fosforasi. Badili chakula, watoe juani. Jua lililopita kwenye kioo halihesabiki.

Shingo inayopinda nyuma, kifaranga akitazama juu, huweza kuwa upungufu wa vitamini B1. Kuanguka na kupiga miguu, hasa wiki ya pili hadi ya nne, huelekea vitamini E na seleniamu. Lakini shingo iliyopinda pamoja na kukohoa, kinyesi cha kijani na vifo ni mdondo, na hapo hutengi mmoja, unafunga banda lote na kumwita mtaalamu wa mifugo. Mtetemeko wa kichwa na shingo kwa vifaranga wengi wa wiki moja hadi tatu nao ni wa virusi.

Aliyejikunyata, manyoya yamesimama, kinyesi kina damu: koksidiosisi. Amproliamu kwenye maji hutibu, ila usiichanganye na vitamini B1 kwa siku hizo, kwani dawa hiyo hufanya kazi kwa kumnyima kijidudu B1, nawe utakuwa unamlisha.

Kumrudisha, au kutomrudisha

Kifaranga wa peke yake hulia hadi aishiwe nguvu, hivyo mpe mwenzake mmoja mpole, au mtenge kwa wavu ndani ya bruda lile lile awaone. Mrudishe anapoweza kukimbilia chakula, kunywa bila msaada, na uzito umepanda siku tatu mfululizo. Utepe wote utolewe kwanza. Ingiza wenzake wawili au watatu kwenye boksi lake kwa nusu siku, kisha waingie bandani wote pamoja, na ukae ukiangalia. Damu ikionekana, mtoe.

Siku tano bila kusimama, bila kula mwenyewe na uzito ukishuka, au kano isiyokaa, au mguu wenye kidonda kilichofika mfupani: hapo kuendelea kumdondoshea maji ni kumrefushia mateso. Mwombe mtaalamu wa mifugo au mfugaji mzoefu ammalize kwa njia ya haraka. Na yule aliyepona kano au miguu ya kuzaliwa, mfuge kwa mayai ya kula. Asiingie kwenye kundi la mayai ya kutotolesha.